Kabla ya Kuihukumu Giaboksi

Huko Gendabi, chini ya Mlima Hanang, gari lenye gia za mkono halimtishi mtu hata betri yake ikilala. Vijana wanne hulisukuma mteremkoni, dereva hutia gia ya pili, huachia klachi, na injini huwaka. Lakini likija gari la otomatiki, vijana hao hao watasukuma mpaka wachoke, na injini haitazunguka hata mara moja. Je, ni kwa nini? Mwanafunzi atakayelijibu swali hili sawasawa atakuwa amekwisha kuelewa nusu ya maradhi ya giaboksi ya otomatiki.

Wala swali hili si la mchezo. Magari mengi madogo yapitayo katika barabara ya Babati, Katesh na Singida yalitumika kwanza nchini Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto kama sisi. Na mengi kati ya hayo ni ya otomatiki. Mwenye gari akiambiwa kwamba giaboksi imekufa, huenda akauza ng'ombe au mavuno ya msimu mzima ili anunue nyingine ya mtumba, ambayo hakuna ajuaye hali yake ya ndani. Akiisha kuifunga, pengine ataukuta ugonjwa uko pale pale, kwa sababu haukuwa wa giaboksi tangu mwanzo.

Oili ifanyayo kazi ya mkono

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi huunganishwa na sahani ya klachi inayobanwa kwa springi. Katika gari la otomatiki kuna chombo kiitwacho toki konveta. Chukua feni mbili uzielekezane. Washa moja, na upepo wake utaizungusha ya pili. Toki konveta hufanya vivyo hivyo, ila badala ya upepo hutumia oili. Chimbuko lake ni kazi ya mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905 akishughulikia mitambo ya meli.

Nyuma ya toki konveta mna gia pamoja na mafungu ya sahani nyembamba za klachi. Sahani hizo hubanwa kwa kanieneo ya oili inayotoka katika pampu, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Basi swali letu limejibiwa: injini ikiwa imezimika, pampu haifanyi kazi, pasipo pampu hapana kanieneo, na pasipo kanieneo sahani hazishikani. Magurudumu yatazunguka, lakini mzunguko wao hautaifikia injini.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Unganisha mabomba mawili ya sindano kwa mpira mwembamba, uyajaze maji pasiwe na hewa. Sukuma moja, na la pili litajibu papo hapo. Kisha ingiza mapovu ya hewa na usukume tena: la pili litachelewa, na nguvu zake zitapungua, kwa maana hewa husinyaa lakini maji hayasinyai kwa kiasi cha kuonekana. Giaboksi iliyopungukiwa na oili hupatwa na hali hiyo hiyo, kwa kuwa pampu yake huvuta hewa.

Kuuliza kwa utaratibu

Fundi mwangalifu huanza na lile lisilogharimu kitu, ndipo aendelee hatua kwa hatua kwenye lenye gharama.

Kwanza, tutazame oili. Magari mengi ya Toyota ya zamani yana kijiti cha kuipimia. Gari husimamishwa mahali tambarare, oili ikiwa imepata moto wa safari. Huku breki imekanyagwa na injini ikinguruma, mkono wa gia hupitishwa katika kila nafasi na kurudishwa kwenye P, ndipo kijiti kichomolewe. Magari mengine, kama ya Honda, hupimwa injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo hapana budi kufuata kitabu cha gari lenyewe. Ikipungua ni hatari, na ikizidi ni hatari pia, kwani sehemu zinazozunguka huipiga ikatoa povu.

Pili, tutazame rangi na kunusa. Oili nzuri ya namna hii kwa kawaida ni nyekundu na angavu. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, yaelekea sahani zimeungua. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, ama kutoka katika rejeta au kwa kuvuka korongo lililofurika. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya chini ya giaboksi ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida.

Tatu, tuiangalie dashibodi. Baadhi ya watu wamehuzunika kwamba gari haliingii gia ya mwisho, kumbe kitufe cha gia hiyo kimebonyezwa bila kujua, na taa ya O/D OFF inawaka. Lakini katika Toyota nyingi za zamani taa hiyo ikimetameta, kompyuta ya gari inaeleza kwamba imeona hitilafu. Hapo ni kazi ya mashine ya kupimia. Na ikumbukwe kwamba namba inayotolewa na mashine huonyesha njia ya kufuata, si hukumu. Waya uliokatika unaweza kutoa namba ile ile inayotolewa na kifaa kibovu.

Nne, tupime muda. Gari likiwa limesimama na breki imekanyagwa, hamisha mkono kutoka N hadi D, na uhesabu mpaka usikie gari limeshika. Vitabu vya Toyota huruhusu takribani sekunde 1.2, kwa R, sekunde 1.5. Likichelewa zaidi, kanieneo ni ndogo, au sili zimekakamaa kwa uzee.

Tano, twende mlimani. Gari likishindwa kupanda, tazama saa ya mizunguko ya injini. Mizunguko ikipanda lakini mwendo hauongezeki, sahani zinateleza. Mizunguko ikishuka na injini inatetemeka, shaka iangukie injini yenyewe: pengine ina misi, au plagi zimechoka. Mara nyingi giaboksi hulipia deni lisilo lake.

Kuna jaribio jingine, la kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja kwa sekunde chache. Hilo aachiwe fundi mwenye ujuzi, kwani gari linaweza kuruka, na oili hupata moto mkali upesi.

Kinga

Adui mkuu wa giaboksi ya otomatiki ni joto. Katika magari mengi oili yake hupozwa ndani ya rejeta. Hivyo rejeta iliyozibwa kwa tope na vumbi huiumiza giaboksi pia. Ukipanda na mzigo, zima gia ya mwisho au tumia gia ya chini. Tumia aina ya oili iliyotajwa na mtengenezaji. Na gari likiharibika, usilivute mwendo mrefu magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, kwa kuwa pampu iliyosimama hailainishi kitu.

Haya yote hayamwondolei fundi kazi yake, maana sahani zilizoungua hazitaponywa kwa oili mpya. Lakini dalili ni jambo moja, na sababu ni jambo jingine. Mkulima wa Gendabi akitumia nusu saa kuuliza maswali haya matano kwa zamu, huenda ng'ombe wake akabaki zizini.