Kifo cha baruti: Maiti ana haki ya kuchunguzwa kabla ya kuhukumiwa

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote, aliyeumba mauti na uhai. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), pamoja na aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, yapo mauti ambayo jamii huyapokea kwa subira na dua, na yapo mauti ambayo jamii huyapokea kwa minong'ono. Mzee akifariki kitandani mwake, watu hukusanyika, husoma, hufariji na kuondoka. Lakini kijana akifa kwa mlipuko, mkono umekatika na uso umeharibika, maneno huanza kabla ya sanda kununuliwa. Mmoja husema alikuwa akitega baruti ya samaki. Mwingine husema madeni yalimzidi, amejimaliza mwenyewe. Wa tatu husema kuna mkono wa mtu. Wakati huo huo wakubwa wa familia wanahimiza azikwe upesi ili fedheha iishe. Ndipo maiti hufukiwa pamoja na ukweli wake, na wanaobaki hai ndio wanaoubeba mzigo.

Tunalizungumza jambo hili tukiwakusudia hasa ndugu zetu wa delta ya Rufiji na wilaya ya Kibiti, ingawa somo lake ni la pwani nzima. Delta hii, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya Afrika Mashariki, ni nchi ya wavuvi na wakulima wa mpunga, na wengi wao ni Waislamu. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazohifadhiwa kwa Mkataba wa Ramsar. Wala milipuko si jambo geni huko: tarehe 11 Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikondo ya delta, ilizamishwa kwa vilipuzi na mabaharia wake wenyewe baada ya kushambuliwa na meli za Waingereza.

Fataki ya sherehe na fataki ya baharini

Katika Kiswahili chetu neno fataki lina maana mbili. Fataki ni kile kinachorushwa angani usiku wa Idi au wa mwaka mpya kikapasuka kwa rangi. Fataki vilevile ni kile kichocheo kidogo kinachowasha baruti ya machimboni, nacho ndicho Polisi hukikamata mara kwa mara kwa wavuvi haramu pamoja na tambi zake. Vyote viwili huua.

Uvuvi wa baruti umeisumbua pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Ulipigwa marufuku kwa sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, na tena kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, lakini haukukoma. Vilipuzi hivyo huchepushwa kutoka machimboni na kwenye kazi za ujenzi, au hutengenezwa kienyeji. Mvuvi huwasha utambi akiwa ndani ya mtumbwi unaoyumba. Utambi ukiwa mfupi, au mkono ukichelewa, kilichokusudiwa samaki humlipukia yeye. Mwenye bahati hubaki na kigutu. Asiye na bahati hurudishwa nyumbani amefunikwa tanga.

Kwa upande wa sherehe, mfano ulio karibu nasi ni wa Kampala, nchini Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu wasiopungua 9, wakiwamo watoto, walikufa katika msongamano kwenye jengo la maduka la Freedom City baada ya maonyesho ya fataki. Hawakuuawa na moto wala na baruti, bali kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Nasi hapa nyumbani hatujasahau mabomu ya ghala la jeshi Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, ambapo kila tukio liliondoa roho za watu zaidi ya 20. Mbagala ndiko abiria wa Kibiti na Rufiji wanakopandia magari yao, na msiba ule uliwafikia wengi.

Matukio haya yanatuonyesha kwamba kifo kinachohusu mlipuko hakina sababu moja. Mtu anaweza kufa kwa ajali, kwa uzembe wa mwingine, kwa kuuawa, au kwa kujiua. Aliyesikia kishindo kutoka ng'ambo ya mkondo hawezi kujua ni ipi kati ya hizo.

Mwili hutoa ushahidi

Wataalamu wa uchunguzi wa vifo huanza na mahali majeraha yalipo. Kilipuzi kikipasuka mkononi, vidole na kiganja huharibika kupita sehemu nyingine, na uso na kifua hupata vipande kwa mbele. Mtu aliyekuwa amesimama mbali kidogo hupata vipande vilivyotawanyika upande mmoja wa mwili. Aliyekibana kifuani au tumboni huwa na jeraha kubwa hapo, na hali ya mikono yake husaidia kueleza alikuwa akifanya nini. Picha ya eksirei huonyesha vipande vya chuma au vya chupa vilivyojificha ndani ya nyama, navyo hueleza kilipuzi kilitengenezwaje.

Kisha kuna kemia. Fataki za sherehe hupata rangi zake kutokana na madini: strontiamu hutoa wekundu, bariamu hutoa kijani, shaba hutoa buluu. Masalia yake hubaki kwenye ngozi na nguo, nayo hutofautiana na masalia ya baruti ya machimboni. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo hupokea vielelezo vya namna hiyo, na pia hufanya vipimo vya vinasaba pale ambapo mwili hautambuliki kwa macho.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa delta wanapaswa kulijua. Maji hubeba nguvu ya mlipuko kuliko hewa. Mzamiaji aliye karibu na baruti inapolipuka chini ya maji anaweza kupasuka mapafu na utumbo bila kuwa na jeraha lolote la nje. Mwili wake ukiopolewa ukiwa mzima, watu husema amechukuliwa na jini la bahari, au amelogwa, na pengine bibi kizee wa jirani hunyooshewa kidole. Daktari akiuchunguza mwili huo ataona kilichotokea, na huenda akamwokoa bibi yule na panga la watu wenye hasira.

Kuhusu kujiua, maandiko ya kitabibu yanaonyesha kwamba watu wanaojiua kwa fataki ni wachache sana. Vifo vingi vya fataki ni ajali, hasa za fataki kubwa au zilizotengenezwa kienyeji. Kwa hiyo mchunguzi haamui kwamba mtu amejiua kwa kuutazama mwili peke yake. Huuliza: alikuwa na mazoea ya kushika baruti? Utambi ulikuwa na urefu gani? Alikuwa na nani? Aliacha ujumbe? Alikuwa mgonjwa wa akili? Maswali haya ni ya kutafuta ukweli, na si ya kuidhalilisha familia.

Dini imesemaje?

Uislamu umekataza kujiua kwa katazo zito. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Allah (S.W) ametukataza kuziua nafsi zetu na akatukumbusha kuwa Yeye ni Mwenye kuturehemu. Mtume (S.A.W) ameonya, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba anayejiua kwa kitu huadhibiwa kwa kitu hicho hicho. Lakini hukumu hiyo ni ya Allah juu ya mja aliyekusudia kwa hiari na akili timamu. Kalamu imenyanyuliwa kwa mwendawazimu mpaka apate akili. Basi vipi mtu wa kijijini ataitoa hukumu hiyo ilhali hajui hata utambi uliwashwa na nani?

Wapo wanaofikiri kuwa aliyejiua haoshwi wala hasaliwi. Ni kweli, katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W) hakumsalia mtu aliyejiua kwa ncha za mishale. Hata hivyo wanazuoni walio wengi, akiwamo Imamu Shafii ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wamesema kwamba mtu huyo ni Mwislamu, ataoshwa, atakafiniwa, atasaliwa na kuzikwa kwa Waislamu. Na wameeleza kwamba Mtume aliacha kumsalia ili kuwaonya wengine. Katika Sahihi Muslim hiyo hiyo imo habari ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr (R.A), akaugua, akajikata viungo vya vidole mpaka akafa kwa kutoka damu. Tufayl alimwota akiwa amesamehewa isipokuwa mikono yake, na Mtume (S.A.W) akaiombea mikono ile maghfira. Nani basi atamnyima dua kijana ambaye haijathibitika hata kama alijiua?

Je, kumchunguza maiti kunaruhusiwa? Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja mfupa wa aliye hai. Msingi ni heshima. Hata hivyo Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha Makka cha mwaka 1987, liliruhusu uchunguzi wa maiti pale inapohitajika kujua sababu ya kifo katika jambo la jinai, kwa masharti: usipite kiasi cha haja, maiti wa kike achunguzwe na madaktari wa kike ikiwezekana, na viungo vyote virudishwe kuzikwa. Familia ina haki ya kuyaomba hayo kwa adabu mbele ya daktari. Mara nyingine uchunguzi wa nje na eksirei hutosha.

Kutambua maiti kwa alama ya mwili ni jambo ambalo Masahaba walilijua. Anas bin Nadhr (R.A) alipouawa Uhud, mwili wake ulikuwa na majeraha zaidi ya 80, na hakuna aliyemtambua ila dada yake, kwa ncha za vidole. Imepokewa pia kwamba baada ya vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria, ndege aliangusha mkono Makka, ukatambuliwa kwa pete yake kuwa ni wa Abdurrahman bin Attab, na watu wakausalia. Kwa habari hiyo Mashafii wameshika kwamba kiungo cha maiti Mwislamu kikipatikana huoshwa, hufunikwa nguo na kusaliwa. Ama mkono wa mvuvi uliokatika naye yu hai, huo huzikwa bila ya Swala.

Wajibu wa familia

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka kifo cha ghafla, cha kutumia nguvu au chenye mashaka kitolewe taarifa, ili sababu yake ijulikane. Tunafahamu ugumu uliopo. Kijiji kama Salale au Mbwera hufikiwa kwa mtumbwi na kwa kungoja maji kujaa. Joto ni kali, na Sunna inatuhimiza kuharakisha jeneza. Tunafahamu pia kuwa mauaji ya Kibiti ya miaka ya 2015 hadi 2017, ambapo viongozi wa vijiji, raia na askari waliuawa, yaliacha woga wa kuitwa shahidi. Pamoja na hayo, kuchelewa kwa saa chache kwa haja ya kisheria si kumdharau maiti.

Basi msiba wa namna hii ukitokea, mwenyekiti wa kijiji na Polisi waarifiwe kwanza. Maiti asioshwe kabla ya ruhusa, kwa kuwa maji yataondoa masalia ya baruti yaliyo mikononi mwake. Ghusli itafanywa baadaye, na kama mwili hauhimili maji, atatayamamishwa. Nguo zake zisifuliwe wala kuchomwa. Kilipuzi ambacho hakijapasuka kisiguswe, na watoto waondolewe mbali nacho.

Faida yake ni kubwa kwa walio hai. Kwa uthibitisho wa kifo mjane atajua tarehe ya kuanza eda yake ya miezi 4 na siku 10, warithi watagawana kwa haki, na madeni ya marehemu yatalipwa. Mama atajua kama mwanawe alikosea kuwasha utambi au aliuawa na mtu anayetembea huru. Na ikithibitika kuwa kweli alijiua, ndugu watajua kuwa katika nyumba yao ulikuwapo ugonjwa wa huzuni ambao haukuonekana, wawaangalie waliobaki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 walijiua duniani mwaka 2021. Anayesema amechoka kuishi apelekwe kwa daktari, akae na watu, asikilizwe, asisimangwe.

Maimamu nao wana sehemu yao mimbarini. Wawaambie vijana kwamba riziki inayotafutwa kwa kuteketeza matumbawe na mazalia ya samaki ni dhuluma kwa wavuvi wenzao, na kwamba katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Na jeneza la aliyekufa kwa baruti likifika msikitini, wazuie ndimi za watu, wamsalie, wamwombee, na waliache lisilojulikana kwa wenye kulichunguza na kwa Mola anayelijua.

Tunamwomba Allah (S.W) awarehemu maiti wetu, awafariji wafiwa wetu wa Rufiji, Kibiti na kwingineko, na atujaalie mwisho mwema. Amin. Wallahu aalam.