Fidia kwa Baba Aliyedanganywa: Kosa Liko Wapi?

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali la kama mwanamume aliyelea mtoto asiye wa damu yake anaweza kudai fidia ya maumivu ya moyo huanzia kwenye kifungu cha 258 cha sheria ya madai ya mwaka 1888, kinachomlazimu kila aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulipia madhara hayo. Mdai hutakiwa kuthibitisha kosa, madhara, na kwamba madhara yametokana na kosa hilo. Na madhara ya kimoyo, yaani aibu, huzuni na kuvunjiwa heshima, nayo huhesabiwa, ingawa hayana risiti wala bei ya soko.

Madhara huonekana upesi. Ugumu uko kwenye kosa. Mama asiyejua kwa hakika baba wa mtoto wake ni nani hawezi kulinganishwa na aliyejua akaficha. Tofauti hii ina uzito wa pekee Rutshuru, mashariki mwa nchi, ambako vita vya miaka mingi, ukimbizi kuelekea mji wa Goma na ubakaji vimewanyamazisha wanawake wengi, si kwa hila bali kwa hofu ya kufukuzwa nyumbani, na kumtoza fidia mama wa namna hiyo ni kumwadhibu kwa ukatili aliotendewa na mwingine.

Isitoshe, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, humhesabu mume kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa au ndani ya siku 300 baada ya ndoa kuvunjika, na kipimo cha ADN, yaani cha vinasaba, hakiondoi chenyewe ubaba huo pasipo uamuzi wa mahakama.

Mahakama za nje zimetofautiana. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa mwanamume mmoja pauni 7,500 kwa huzuni ya kudanganywa, ilhali mwaka 2006 mahakama ya juu kabisa ya Australia ilikataa kumrudishia mume fidia ya dola 70,000 iliyokuwa imefutwa, baadhi ya majaji wakiona kwamba siri za unyumba hazifai kupimwa kwa kanuni za udanganyifu wa kibiashara.

Hoja hiyo ya Australia inamwacha bila haki mume aliyedanganywa kwa makusudi, kwa hiyo njia ya Uingereza inafaa zaidi, mradi fidia ipimwe kwa uzito wa uongo wenyewe, wala si kwa gharama za chakula na malipo ya shule, kwa kuwa hesabu ya namna hiyo humgeuza mtoto kuwa ndiye hasara, ilhali kifungu cha 591 cha Sheria ya Jamaa husema kwamba kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba.