Ilemba: Otesha miche ya nyanya nyumbani, uza wakati wengine hawana

Wengi wakitaka kulima nyanya huanza na shamba. Wewe anza na siku ya kuuza, kisha hesabu kurudi nyuma. Miche hukaa kitaluni kama mwezi 1, halafu shambani miezi 2 na nusu hivi mpaka uchume. Ukitaka kuuza mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua hazijakolea na kuleta bakajani, sia mbegu katikati ya Julai. Ilemba iko bonde la Ziwa Rukwa, kwa hiyo mbegu hazikutani na ile baridi ya Sumbawanga mjini.

Kitalu kiwe karibu na nyumba na maji, mbali na kuku. Usitumie udongo uliolimwa nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo, maana magonjwa yao ni yale yale. Changanya samadi iliyooza vizuri. Chora mistari kila sentimita 15, dondosha mbegu moja moja kina cha sentimita 1, funika kwa nyasi kavu. Zikiota, baada ya wiki hivi, toa nyasi siku hiyo hiyo na uweke kichanja cha kivuli.

Hasara kubwa hutokea hapa: mbegu zimebanana, maji yanamwagwa kutwa nzima. Miche inaoza shina chini na kulala. Hicho ndicho kinyausi. Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu, siyo tope.

Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli ili miche ikomae. Hamisha jioni, ikiwa na majani 4 hadi 6. Ikibaki usitupe, jirani aliyechelewa atanunua.