Daraja la mtandao lisilo na waya

Daraja la mtandao lisilo na waya ni kifaa kidogo kinachounganisha chombo chenye tundu la kebo tu na mtandao wa waifai. Upande mmoja huwasiliana na ruta kwa mawimbi ya redio. Upande wa pili una tundu la itheneti la kuchomekea kebo. Hutumika kwa konsoli (mashine za michezo ya video), printa na kompyuta za zamani.

Historia

Konsoli nyingi za mwanzo wa karne ya 21 zilitegemea kebo. Xbox ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na tundu la itheneti bila waifai. Xbox 360 ya mwaka 2005 ilikuwa hivyohivyo hadi toleo la S la mwaka 2010. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ina waifai ndani yake, hivyo kwa kawaida haihitaji daraja.

Namna linavyofanya kazi

Ruta ndiyo inayopokea intaneti na kugawa anwani za IP. Daraja hupitisha tu taarifa kati ya ruta na konsoli. Kwa hiyo haliongezi kasi ya intaneti wala haliileti mahali isipokuwepo. Ni tofauti pia na kirudia mawimbi, ambacho kazi yake ni kupanua eneo la waifai.

Kuunganisha

1. Daraja huunganishwa kwanza na kompyuta kwa kebo, kisha ukurasa wake wa mipangilio hufunguliwa.
2. Jina la waifai na neno la siri la ruta huandikwa humo. Usalama wa WPA2 au mpya zaidi hufaa; WEP ni dhaifu na haifai tena.
3. Anwani ya daraja isifanane na ya ruta. Zikiwa zote 192.168.1.1, mtandao huvurugika. Ugawaji wa anwani ubaki kwa ruta peke yake.
4. Kebo huhamishiwa kwenye konsoli, nayo huwekwa ipokee anwani yenyewe. Kisha muunganisho hujaribiwa.

Baadhi ya madaraja huhudumia chombo kimoja tu. Kuongeza konsoli ya pili hapo huenda kusifanikiwe.

Mazingira ya Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kama kwingineko vijijini, nyumba inaweza kutegemea ruta ya laini ya simu. Ruta hiyo huwekwa mahali inaponasa mnara vizuri, mara nyingi dirishani, hata kama konsoli iko chumba kingine. Hapo daraja huokoa kuvuta kebo ndefu. Kuta nene za matofali hupunguza mawimbi, na mabati huyazuia zaidi. Kati ya nyumba mbili, kilima au miti mingi huweza kukata mawasiliano; Ngara ina vilima vingi.

Karibu na mipaka ya Rusumo na Kabanga, ruta inaweza kunasa mnara wa Rwanda au Burundi. Ni vizuri kuzima matumizi ya mitandao ya nje ili kuepuka gharama.

Umeme ukikatika, ruta na daraja vyote huzimika. Vikiwa vya volti 12, vinaweza kutumia betri ya sola yenye kidhibiti cha volti, baada ya kusoma lebo ya kila kifaa.

Matumizi ya data

Mchezo mmoja wa kisasa unaweza kuzidi GB 50, na masasisho yanayojipakua yenyewe huweza kumaliza kifurushi cha familia nzima kwa usiku mmoja. Kwa hiyo huzimwa kabla ya konsoli kuunganishwa. Hata hivyo, baadhi ya michezo huruhusu konsoli mbili kushindana ndani ya mtandao wa nyumbani. Hapo ruta hutumika bila kifurushi chochote, kwa kuwa taarifa hazitoki nje ya nyumba.