Moyo Ukichoka, Pumzi Nayo Hupungua



Darasani kwetu yupo mzee mmoja, mwanakisomo hodari wa hesabu. Kutoka kwake hadi darasani ni mwendo wa robo saa. Lakini ilifika wakati akawa anapumzika njiani mara tatu, na akifika anatweta hata salamu haitoki. Wengine walisema, "Huyu mvivu tu." Wengine wakasema karogwa. Sisi walimu wake tulinyamaza, maana hatukujua. Alipopelekwa hospitali ndipo tukaambiwa kuwa moyo wake umedhoofika. Leo tunaueleza ugonjwa huu, ili mwingine asichekwe na kucheleweshwa kama yeye.

MOYO NI PAMPU

Moyo ni msuli, mkubwa kama ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo husukuma kama lita 5 kila dakika. Chukua kalamu upige hesabu: kwa saa moja ni lita 300, yaani pipa moja na nusu la lita 200!

Kila unapopiga, moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba chake kinacholisha mwili. Kwa wagonjwa wengi, haifiki hata sehemu 40 kati ya 100. Kwa wengine moyo husukuma vizuri, ila umekakamaa, haujai damu sawasawa. Kwa vyovyote, damu husongamana nyuma yake. Maji huvujia mapafuni, na miguu huvimba.

MAPAFU HUVUTIWA HEWA

Wengi hudhani mapafu huvuta hewa yenyewe. Sivyo. Mapafu ni kama mivukuto ya mhunzi: bila mkono wa kuivuta, haipumui. Mkono huo ni misuli. Mkubwa wake ni kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Weka kiganja juu ya kitovu, kisha vuta pumzi ndefu. Unaona tumbo linavyotoka? Hapo kiwambo kinashuka na kulisukuma, na hewa inaingia mapafuni. Misuli iliyo katikati ya mbavu nayo inasaidia.

Basi, msuli wowote hutaka damu, kama wa mkono unaoshika jembe. Moyo ukileta damu kidogo, kiwambo nacho hudhoofika. Na papo hapo kazi yake imezidi, kwa kuwa mapafu yenye maji ni magumu kutanuka. Kazi imeongezeka, nguvu imepungua. Ndiyo sababu mgonjwa hutweta kwa hatua chache. Uvivu haumo.

Wataalamu huipima nguvu hiyo. Mgonjwa huvuta hewa kwa nguvu zake zote katika kifaa kilichozibwa, nacho huonyesha kipimo kwa sentimita za maji, kama vile kuvuta maji yapande kwenye mrija. Mwanamume mwenye afya kwa kawaida hufika 80 na zaidi. Mgonjwa wa moyo akiwa chini ya sehemu 70 kati ya 100 za kiwango kinachotarajiwa kwa mtu kama yeye, mara nyingi huhesabiwa kuwa misuli yake ni dhaifu. Tena, wagonjwa wawili wanaweza kuwa na mioyo iliyodhoofika sawa, mmoja akafika sokoni, mwingine akaishia mlangoni. Misuli nayo ina sehemu yake katika jambo hili.

MISULI HUFUNDISHIKA

Habari njema ni kwamba misuli ya pumzi huweza kufundishwa. Mgonjwa hupewa kifaa kidogo chenye kizuizi, akavuta hewa kwa shida kidogo, kama dakika 15 hadi 30 kwa siku, kwa wiki 6 hadi 12. Majaribio ya nchi mbalimbali yameonyesha kuwa wenye misuli dhaifu hupata nguvu, kutweta kunapungua, na wanatembea mbali zaidi. Lakini usijitungie kifaa chako nyumbani. Pasipo na kifaa, muulize mganga wa kituo kuhusu kutembea polepole mahali tambarare, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza. Na mazoezi hayachukui nafasi ya dawa.

CHANZO NA DALILI

Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa 427 wa moyo dhaifu walichunguzwa mwaka 2012 na 2013. Kwa 45 kati ya kila 100, chanzo kilikuwa presha ya damu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, watu ambao bado wanalima na kulea. Presha haipigi hodi. Ipimwe hata kama huumwi.

Nenda kituo cha afya upesi ukiona haya:
- kutweta kwa kazi ndogo uliyokuwa ukiimudu;
- kushindwa kulala chali, ukahitaji mito miwili au mitatu;
- kuamka usiku umebanwa na pumzi;
- miguu kuvimba;
- uzito kupanda kilo 2 kwa siku tatu.

Mama aliyejifungua karibuni naye asiambiwe kuwa ni uchovu wa uzazi tu. Moyo unaweza kudhoofika wakati huo pia.

Mgonjwa apunguze chumvi, ajipime uzito asubuhi penye mizani, na asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu. Mzee wetu aliacha, miguu ilipopungua kuvimba. Baada ya wiki tatu tulimbeba usiku kwa machela, tukidhani tunamzika. Alipona kwa shida.

Siku hizi anameza dawa kila siku. Njiani bado anapumzika, mara moja tu, chini ya mwembe. Wenzake humsubiri hapo, wakafika darasani pamoja. Hakuna anayecheka tena.

Je, kijijini kwako yupo anayeitwa mvivu kwa sababu anatweta? Msomee habari hii, kisha msindikize kituo cha afya.