MALI BILA DAFTARI

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wauhusu hata mfupa uliogeuka jiwe.

Sisi wa Rujewa tumezungukwa na hazina hiyo. Magharibi yetu, katika bonde la Rukwa, ilifukuliwa mifupa ya dinosaria aliyepewa jina la Rukwatitan mwaka 2014. Kusini, katika bonde la Ruhuhu, Mwingereza Parrington alikusanya mifupa katika miaka ya 1930. Mingine ikawekwa London, na ni mwaka 2013 tu ndipo mnyama huyo alipotangazwa kwa jina la Nyasasaurus.

Visiwani nako, Pango la Kuumbi huko Unguja limetoa mifupa ya punda milia, ushahidi wa zama ambapo bahari ilikuwa haijatutenga. Basi jambo hili ni letu sote.

Huko Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichukua zaidi ya tani 200 kwa mabega ya wapagazi wetu. Dinosaria mmoja wa huko amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji, alienziwa kwa jina la mnyama mwaka 2007, karibu karne nzima baadaye.

Kurejeshwa kwa mali kunawezekana. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na kuhifadhiwa Nairobi, lilirudi nchini mwaka 1965.

Lakini kudai peke yake hakutoshi. Tutadai kwa uso gani amana iliyo kwa wenzetu, ikiwa iliyo mikononi mwetu hatuijui hesabu yake? Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Sheria haifungui kabati wala haihesabu mifupa. Kazi hiyo ni ya watu.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wetu, wa Bara na Visiwani: kila mfupa uwe na namba, mahali ulipotoka, tarehe, na jina la mwananchi aliyeuona kwanza. Unaoazimwa nje uwe na siku ya kurudi iliyoandikwa. Ghala likaguliwe kila mwaka na mtu asiyeshika funguo zake. Na kijiji kilichotoa hazina kielezwe imekwenda wapi.

Mwenye amana huulizwa. Na tuwe na la kujibu.