Swali la mgonjwa lililozaa utafiti wa miaka 16

Mwaka wa 1998, mwanamke kijana mjini Adelaide, Australia, alielezwa na daktari kwamba ili kumtibu saratani ya mlango wa kizazi ni lazima atolewe mfuko wa uzazi. Mwanamke huyo alitaka kuzaa. Akamuuliza daktari: je, hawezi kupandikizwa mfuko wa uzazi wa mtu mwingine, pengine wa mama yake?

Daktari huyo alikuwa Mats Brännström, mpasuaji kutoka Uswidi aliyekwenda Australia kuongeza ujuzi wa kutibu saratani za wanawake. Mwanzoni aliliona swali hilo kuwa la ajabu. Figo, ini na moyo vilikuwa vikipandikizwa kwa miaka mingi ili kuokoa maisha, lakini hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa kutoka kwa mfuko wa uzazi uliopandikizwa.

Aliporudi Uswidi, Brännström alianza utafiti mwaka wa 1999 na wenzake katika Chuo Kikuu cha Gothenburg. Walianza na panya, kisha nguruwe, kondoo na nyani. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla hawajamgusa binadamu. Walihitaji kujua jinsi ya kuunganisha mishipa midogo ya damu, na jinsi ya kuzuia mwili usikatae kiungo kigeni.

Kati ya 2012 na 2013, wanawake tisa walipandikizwa mifuko ya uzazi iliyotolewa na watu walio hai, wengi wao jamaa zao wa karibu. Wanane walizaliwa bila kiungo hicho. Mmoja alikuwa amekipoteza kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi. Si wote waliofaulu: wawili walilazimika kutolewa viungo hivyo kutokana na kuganda kwa damu na maambukizi.

Septemba 2014, mmoja wa wanawake hao alijifungua mtoto wa kiume kwa njia ya upasuaji, kabla ya wiki ya 32 ya ujauzito kutimia. Mfuko uliombeba mtoto huyo ulikuwa umetolewa na rafiki wa familia mwenye umri wa miaka 61. Mtoto alikuwa mdogo lakini mzima, na alikuwa wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, upasuaji huu si mwepesi. Mimba hutungishwa nje ya mwili, kisha kiinitete huwekwa ndani ya mfuko uliopandikizwa. Mama humeza dawa za kupunguza kinga ya mwili kila siku, na baada ya kupata mtoto mmoja au wawili mfuko huo hutolewa ili aache dawa hizo. Aliyeugua saratani hufikiriwa tu ikiwa amepona na imepita miaka kadhaa bila ugonjwa kurudi. Ni hospitali chache tu duniani zinazoifanya kazi hii.

Kwa mkazi wa kaunti, njia ya karibu zaidi ni kuulinda mfuko wa uzazi alionao. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa hasa na virusi vya HPV, na kwa kawaida huchukua miaka mingi kukomaa. Katika kipindi hicho, uchunguzi unaweza kuonyesha mabadiliko ambayo bado si saratani. Mara nyingi hutibiwa bila kuondoa mfuko wa uzazi.

Wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 49 wanahimizwa kwenda kuchunguzwa hata kama hawana dalili yoyote. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanahitaji uchunguzi wa mara kwa mara zaidi, kwani kwao ugonjwa huu hukua haraka. Tangu Oktoba 2019, chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa nchini Kenya kwa wasichana kuanzia umri wa miaka 10.

Mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, katikati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya kukoma hedhi, asingoje. Afike katika kituo cha afya kilicho karibu naye na aulize maswali yake yote. Swali moja la mgonjwa lilimpa daktari kazi ya miaka 16.